Kuhesabu Magari Katika Nchi ya Chai: Maana Yake kwa Watu wa Sosiot

Mara nyingine msafiri huona kwenye njia panda watu wawili wamekaa chini ya mwavuli, karatasi zi magotini, wakichora alama ndogo kwa kila gari lipitalo. Wako wanaodhani kuwa hao ni watu wa kodi, au kwamba wametumwa na polisi kuwavizia wenye matatu. Madereva wengine hata hugeuza njia ili wasiwapitie. Dhana hiyo si kweli, nayo ina hasara, kwa sababu gari lililogeuza njia halikuandikwa. Watu hao ni wahesabu wa barabara. Alama zao ni mojawapo ya mambo yatazamwayo inapoamuliwa barabara ipi itiwe lami, ipi iongezewe murram, na ipi ingoje mwaka mwingine.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza. Kwa kawaida huhesabiwa siku 7 mfululizo, mchana kutwa, na siku moja au mbili huendelea usiku pia. Kila aina huwa na safu yake: pikipiki, motokaa ndogo, matatu, basi, lori dogo, lori kubwa, trela. Kila alama 4 za wima hukatwa na ya 5, ili iwe rahisi kujumlisha. Kisha hupatikana wastani wa magari kwa siku moja, nao hurekebishwa kufuata majira, upate kusimama badala ya mwaka mzima. Hapo ndipo ugumu unapoanza, hasa katika nchi ya chai.

Sosiot iko Belgut, katika Kaunti ya Kericho, magharibi ya mji wa Kericho. Asubuhi na mapema barabara za upande huo huwa za watu: wanafunzi kwa miguu, pikipiki za bodaboda zenye abiria wawili au zaidi (jambo lisiloruhusiwa na sheria), magari ya Probox yaliyojaa kupita kiasi yakielekea mjini, na walimu na wanafunzi waendao upande wa Kabianga, ambako chuo kikuu kilipewa hati yake mwaka 2013. Baada ya hapo njia hutulia. Mashambani wachumaji wako kazini, wakikata machipukizi ya majani mawili na kichomozo. Mchana majani hupelekwa kwenye kituo, karani huyapima, nayo hungoja lori la kiwanda, ambalo huyabeba katika magunia yaliyotundikwa kwenye kulabu ili yasibanane.

Majani mabichi hayana subira. Yakikaa saa nyingi katika magunia hupata joto, hubadilika rangi na kuwa mekundu, na kiwandani huweza kukataliwa. Tena saa ya lori ndiyo saa ya mvua. Upepo utokao Ziwa Victoria hupanda kuelekea milima ya Kericho na kukutana na upepo wa mashariki, na alasiri ngurumo huanza. Mji wa Kericho hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa yake huanguka baada ya adhuhuri. Kwa hiyo barabara ya udongo hupokea mzigo wake mzito wa siku wakati ule ule inapokuwa laini kabisa.

Yafaa kukumbuka jinsi mambo haya yalivyoanza. Makampuni makubwa ya chai yalipoingia Kericho katikati ya miaka ya 1920, reli haikufika mjini. Chai ilibebwa kwa barabara hadi stesheni ya Lumbwa, ambayo leo huitwa Kipkelion. Mashamba hayo makubwa yalikuwa na njia zao wenyewe na viwanda vyao karibu, na majani hayakusafiri mbali. Mkulima mdogo hakuwa na neema hiyo. Shirika la kustawisha chai ya wakulima wadogo, KTDA, lilipoundwa mwaka 1964, chai ilikwisha kuanza kuenea vijijini, nayo ikaendelea kuenea: ekari hapa, nusu ekari kule, kila kilima na kituo chake. Ndiyo sababu magari ya chai ya wakulima wadogo hayaonekani kwa wingi mahali pamoja. Huenea juu ya vijinjia vingi, na kijinjia kimoja huenda kikapitiwa na lori moja au mawili tu kwa siku. Akija mhesabu, ataandika alama mbili. Lakini katika alama hizo mbili yamo mapato ya siku nzima ya nyumba nyingi.

Jambo la pili ni uzito. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, wahandisi walijenga barabara za majaribio, na askari wakaendesha malori juu yake mchana na usiku hata zikaharibika. Katika jaribio hilo ilidhihirika kuwa madhara hayaongezeki sawasawa na uzito, bali kwa kasi kubwa sana. Uzito wa ekseli ukizidi mara 2, madhara huzidi yapata mara 16. Ekseli ya lori yenye tani 8, ikilinganishwa na ekseli ya motokaa yenye nusu tani, huidhuru barabara ya lami zaidi ya mara 60,000. Basi aonaye bodaboda mia zikipita na kusema kuwa hizo ndizo zilizovunja lami amekosea. Aliyevunja ni lori la mawe au la kuni za mikaratusi ziendazo kuwasha matanuri ya viwanda vya chai, hasa likizidisha mzigo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka mpaka wa tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne. Anayepakia 13 hajaongeza madhara kidogo. Ameyazidisha karibu mara 3.

Lakini neno lililo zito kuliko yote ni hili: karatasi ya mhesabu huandika gari lililopita, haiandiki gari lililoshindwa kupita. Kwa miaka mingi wahandisi wa nchi nyingi walishika kipimo cha magari yapata 200 kwa siku; barabara isiyofikia idadi hiyo ilionekana haistahili gharama ya lami. Kipimo hicho kina haki yake, kwa maana murram nayo huliwa, sentimita 1 hata 3 kwa mwaka, na kuirudishia huja kuwa ghali. Hata hivyo kinaweza kuidhulumu barabara mbaya. Ubaya wake huwafukuza wenye magari, kisha uchache wa magari hutolewa kuwa sababu ya kuiacha katika ubaya wake. Lori lililokwama chini ya kilima halimo katika hesabu. Hali kadhalika mkulima aliyebeba majani kichwani hadi kituo cha mbali, na mama mjamzito aliyefungwa juu ya pikipiki kwa sababu gari la hospitali halikuweza kushuka.

Wiki iliyochaguliwa nayo hugeuza hesabu. Mwezi wa Januari na Februari, jua likiwaka, majani hupungua na barabara ni kavu: magari madogo mengi, malori machache. Mwezi wa Julai baridi huipunguza chai tena. Bonasi ya KTDA, ambayo kwa kawaida hulipwa kati ya Septemba na Oktoba, huleta malori ya mabati, saruji na mbao kwa wingi usioonekana wakati mwingine wo wote. Aliyehesabu wiki moja tu ameona barabara nyingine kabisa.

Wako pia waendao kwa miguu na wakaao kando ya njia wakiuza. Mara nyingi hawapewi safu katika karatasi. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye njia panda ya Londiani, trela liliacha barabara na kuwaingilia wachuuzi na abiria waliokuwa wakingoja magari. Watu zaidi ya 50 walikufa. Mahali penye watu wengi namna hiyo panahitaji kupimwa kwa watu wake pia.

Kila anunuaye petroli, hata lita moja ya bodaboda, huchangia matengenezo ya barabara. Mwezi wa Julai 2024 mchango huo ulipandishwa kutoka Sh. 18 hadi Sh. 25 kwa lita. Tangu mwaka 2013 barabara ndogo ziko chini ya serikali za kaunti, na Katiba ya mwaka 2010 huwataka wananchi washirikishwe katika mipango ya fedha. Kwenye mkutano wa namna hiyo, kusema tu kwamba barabara ni mbaya hakusaidii sana, kwa kuwa kila kijiji husema hivyo. Kamati ya kituo cha majani yaweza kuweka daftari moja: tarehe, kilo zilizopimwa, saa lori lilipotazamiwa, saa lilipofika, kama mvua ilinyesha, na kilo zilizoharibika. Kwa siku ambazo lori halikufika kabisa, mstari usiachwe wazi. Iandikwe kwamba halikufika, na mahali lilipokwama.