Jinsia katika Hojaji za Kiswahili

Katika makala yake ya mwaka 1986, mwanahistoria Joan Scott alidai kwamba jinsia ni njia mojawapo ya kuonyesha uhusiano wa mamlaka, wala si hesabu ya wanawake na wanaume tu. Kwa mtafiti atumiaye Kiswahili dai hili lina mtego. Kwa kuwa kiambishi a- cha nafsi ya tatu hakibainishi mume wala mke, yeye hudhani kuwa hojaji yake haielemei upande wowote. La hasha. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa (na mwanamume akiambiwa ameolewa, hukasirika). Oana ni kitenzi chenye usawa. Istilahi mkuu wa kaya, itumikayo hata katika sensa, ina uzito zaidi: mhojiwa aweza kumtaja mume kwa mujibu wa mila, hata pale ambapo mke ndiye alimaye na kulipa ada za watoto. Heri kuuliza: Nani huamua mazao yauzwe lini? Fedha hutunzwa na nani? Majibu haya mawili yakipishana, hapo ndipo uchambuzi wa jinsia unapoanzia.