TANGAWIZI ILIKATAA, DHANIA IKAKUBALI
Somo juu ya mwinuko wa ardhi na mazao ya viungo



Katika somo hili tutajifunza kwa nini zao la viungo linaloshamiri kwa jirani wa bondeni linaweza kukataa kabisa kwako wewe uliye mlimani. Somo hili linafaa kusomwa katika kikundi. Mmoja asome polepole, wengine wasikilize, na mwisho mjibu maswali pamoja.

1. Hadithi ya gunia moja

Kikundi chetu cha akina mama kiko juu ya mji wa Kericho, katikati ya chai. Mwaka mmoja tulichanga pesa za merigoraundi tukanunua gunia la tangawizi ya mbegu. Hesabu yetu ilikuwa nzuri: bonasi ya chai huja mara moja kwa mwaka, lakini karo huitwa kila muhula. Tukasema tangawizi itajaza hilo pengo.

Tulipanda mwezi wa Machi, mvua ilipoanza. Tuliweka samadi, tukapalilia, tukafunika matuta kwa nyasi. Ikafika Novemba. Tulipochimba, tulipata vidole vyembamba, vingine vimeoza. Pesa yetu ilikuwa imezikwa pale. Tukaanza kulaumiana: ati mbegu ilikuwa mbaya, ati fulani hakupalilia.

Lakini mama mmoja alikuwa amempelekea binti yake mabaki ya gunia lile lile. Binti ameolewa huko chini Soin, upande wa miwa. Yeye alichimba tangawizi nene, za kuuza. Mbegu ni moja, mvua ilikuwa ya kutosha pande zote mbili, na kazi ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa nini?

2. Ukipanda mlima, joto linashuka

Hewa ya juu ni nyepesi. Hewa inapopanda hutanuka, na ikitanuka hupoa. Kwa wastani, ukipanda mita 100 joto hupungua kama nyuzi 0.6 za Selsiasi. Ukipanda mita 1,000, hupungua kama nyuzi 6.

Kila aliyepanda matatu kutoka Kisumu kuja Kericho anajua jambo hili hata kama hajasoma. Kisumu iko mita kama 1,130 kutoka usawa wa bahari, na joto lake la wastani ni nyuzi kama 23. Kericho iko mita kama 2,000, na wastani wake ni nyuzi kama 18. Ndiyo maana ukishuka kwenye stendi unatafuta sweta.

Sasa tufanye hesabu. Kila mmea una kiwango cha joto ambacho chini yake haukui, umekaa tu. Tuseme, kwa mfano tu, mmea fulani huanza kukua joto likipita nyuzi 13. Shamba la mita 1,400 likiwa na wastani wa nyuzi 21, mmea unapata nyuzi 8 za kufanyia kazi. Shamba la mita 2,100 likiwa na nyuzi 17, mmea unapata nyuzi 4 tu. Tazama vizuri: mtu akisimama katika mashamba hayo mawili, tofauti ni sweta moja. Lakini kwa mmea, chakula cha joto kimekatwa nusu. Zao la miezi tisa huko chini litataka kama miezi kumi na minane huku juu. Kabla halijakomaa, mvua nyingine ndefu inalikuta ardhini, nalo linaoza.

Hayo ndiyo yaliyotupata. Hakuna mama aliyekuwa mvivu.

3. Kila kiungo na ngazi yake

Fikiria chai ya viungo unayokunywa siku ya sherehe. Majani ya chai ni yetu, maziwa ni yetu. Lakini viungo vyenyewe vimetoka mbali, na sababu kubwa ni mwinuko.

Karafuu ni mti wa pwani yenye joto. Unguja na Pemba zimeijua tangu karne ya 19. Mti huo hauiwezi baridi yetu hata kidogo.

Pilipili manga na mdalasini pia hupenda nchi ya chini yenye joto na unyevu.

Iliki hupanda juu kidogo, kati ya mita 600 na 1,500 hivi. Huko Tanzania inalimwa chini ya kivuli cha miti katika milima ya Usambara Mashariki, sehemu za Amani. Mtu wa Kericho akiona mvua na miti ya huko husema, "Hapa ni kama kwetu." Mvua tunayo, kivuli tunacho. Kinachokosekana ni joto.

Tangawizi hufanya vizuri mpaka mita 1,500 hivi. Watu wa milima ya Upare, wilaya ya Same, wanaijua sana. Kwetu inafaa kujaribiwa upande wa Soin, Koru na sehemu nyingine za chini.

Pilipili kali nazo zinataka joto. Huku juu huchelewa, na jalidi ikizigusa zinakufa.

4. Mwinuko si adui

Usiseme kwamba shamba la juu ni shamba baya. Lina kazi yake. Chai ya juu hukua polepole, kilo zinapungua, lakini ladha inaongezeka. Pareto inahitaji usiku wa baridi ndipo itoe maua mengi. Ukiipeleka nchi ya joto utapata majani matupu. Na viungo viko ambavyo vinapenda baridi yetu.

Dhania: Kwenye joto kali hukimbilia kutoa maua na mbegu. Kwenye baridi hukaa na majani muda mrefu, kwa hiyo unachuma zaidi. Pasua mbegu ziwe nusu mbili, panda pale pale bila kitalu. Baada ya wiki sita au saba unaanza kuuza mafungu.

Kitunguu saumu: Mmea huu unahitaji kipindi cha baridi ndipo kichwa kigawanyike vipande. Baridi tunayo. Hatari yetu ni mvua wakati wa kukomaa. Basi panda Agosti au Septemba, ili kikomae Januari au Februari wakati wa kiangazi, upate kukikausha.

Rozmari: Hukubali baridi, na ukikata vijiti unapata miche bure. Haitaki maji yasimame kwenye mizizi, kwa hiyo panda kwenye mteremko au tuta.

5. Mambo matatu yanayodanganya mkulima

Kwanza, bonde. Tumesema juu ni baridi kuliko chini. Ni kweli kwa wastani. Lakini usiku wa kiangazi usio na upepo, hewa baridi hutiririka kama maji na kukusanyika bondeni. Ndiyo maana jalidi huunguza chai ya mabondeni na kuacha ya mteremko. Januari 2012 jalidi iliharibu chai katika sehemu nyingi za nchi hii. Kwa hiyo usipande mmea mlaini kwenye shimo la baridi.

Pili, udongo. Chai hupenda udongo wenye asidi. Kitunguu saumu na dhania havipendi. Ukipanda mahali palipong'olewa chai, mmea ukiwa wa manjano usikimbilie kulaumu mwinuko. Peleka udongo ukapimwe, kisha uliza afisa wa kilimo kiasi cha chokaa cha kuweka.

Tatu, mvua ya mawe. Tunaijua sote. Majani ya dhania yakitobolewa hayauziki. Usipande shamba yote siku moja. Panda kidogo kila wiki mbili, ili mawe yakipiga yaharibu fungu moja tu.

6. Jaribu kabla ya kuchanga

Kama tungalijua, tungalifanya hivi:

(a) Jua mwinuko wa shamba lako. Siku hizi simu nyingi za mkononi zinaweza kukuonyesha. Chukua kipimo shambani kwako, usitumie cha mjini.

(b) Tafuta kipimajoto. Soma asubuhi na mapema, soma tena mchana, uandike katika daftari kwa mwezi mzima. Kimoja kinatosha kikundi.

(c) Nunua mbegu kidogo tu. Wanachama watatu wapande tuta moja moja: mmoja wa juu, mmoja wa kati, mmoja wa chini. Siku ya kupanda iwe moja na samadi iwe sawa.

(d) Pimeni mavuno kwa mizani ile ile, mbele ya wote. Mizani haina urafiki.

(e) Using'oe chai kwa ajili ya majaribio. Chai mpya huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuanza kuchumwa vizuri, na kichaka hudumu miaka mingi. Tumia kipande karibu na boma au pembeni mwa nepia.

Hasara yetu ya gunia moja tungaliijua kwa kilo moja tu.

7. Tulivyomaliza

Hatukuvunja kikundi. Tulikaa, tukaombana radhi kwa yale maneno. Leo sisi wa juu tunapanda dhania na kitunguu saumu kidogo. Binti wa Soin anapanda tangawizi. Akija kumsalimia mama yake huleta mfuko, na akirudi habebi mikono mitupu. Wa chini wana joto, wa juu tuna baridi. Tukibadilishana, kila mtu ana viungo.

Maswali ya kujadiliana

1. Shamba lako liko mita ngapi? Ndugu yako aliye chini zaidi yuko mita ngapi? Tofauti ya joto ni nyuzi ngapi?
2. Taja zao moja lililokataa kwenu. Ni baridi, ni udongo, ni maji, au ni mbegu? Mtajuaje?
3. Je, wakati wa hasara, kikundi chenu hutafuta sababu au hutafuta mtu wa kulaumu?
4. Ni nani kati yenu atapanda tuta la majaribio msimu ujao, na nani atashika daftari?