Ukienda kusomea ubingwa wa tiba ya dharura, jiandae hivi

Madaktari wanaomaliza mafunzo kwa vitendo huniuliza kama wasomee tiba ya dharura. Fani yenyewe bado changa nchini: Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura mwaka 2010, na mwaka huohuo MUHAS ikaanza kufundisha ubingwa huo kwa miaka mitatu. Jibu langu ni hili: soma, lakini ujue mapema kwamba wagonjwa utaletewa, mafunzo utayadai mwenyewe.

Fuata hatua, hata ukiona jibu liko wazi. Njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mwili mzima. Usiku mmoja aliletwa mzee aliyelegea upande mmoja, ndugu wakisema ni kiharusi. Sista akamtoboa kidole: sukari 1.6. Tulipompa dekstrosi mshipani alifumbua macho, akamwita binti yake, na mkono uliolala ukainuka. Sukari ikishuka sana huweza kuiga kiharusi, kwa hiyo ipime kabla hujampeleka CT skani.

Omba kufundishwa zamu inapoanza. Mwambie msimamizi, "Dokta, leo naomba unitazame nikipitisha mpira wa kupumulia." Ukingoja zamu iishe, atakuwa anakabidhi wagonjwa nawe utaondoka hivihivi. Wauguzi nao ni walimu: kutafuta mshipa kwa mtoto aliyeishiwa maji nilifundishwa na sista.

Andika kinachokwamisha. Hospitali niliyopangiwa hujaa. Mgonjwa aliyekwisha kutulia hushinda kwetu akisubiri kitanda wodini, huku kijana wa bodaboda aliyevunjika paja akilala kwenye machela koridoni. Saa kama hizo hakuna anayefundishwa, na uchovu unakuandama hadi nyumbani. Tulipolalamika kwa uongozi tuliambiwa tuvumilie. Tukaanza kuandika saa ambayo kila mgonjwa alihitaji kitanda na saa aliyopanda wodini, tukapeleka daftari kikaoni. Vitanda havijaongezeka, ila sasa wodi hututangazia nafasi kila asubuhi.

Ukipenda kumhudumia mtu katika saa yake ngumu kuliko zote, njoo, utaiva. Nanyi viongozi wa hospitali, anayesomea ubingwa hakuja kuziba pengo la watumishi. Mpangieni saa za kujifunza, na mzilinde hata idara ikijaa.