Dawa Umepewa, Sasa Zamu Yako



Tuseme unakaa Ulaya. Usicheke! Nasema Ulaya yetu, ile ya njiani ukitoka Mikumi kwenda Kilosa. Umekohoa zaidi ya wiki mbili, jioni unapata homa, usiku jasho linalowesha shuka, na nguo za shule zimeanza kupwaya. Bibi anasema ni vumbi tu. Utafanyaje?

Nenda kituo cha afya, na ukifika sema kweli yote. Mganga haoni ndani ya kifua chako kwa macho. Mwambie kikohozi kilianza lini, umeshameza dawa gani, hata za mitishamba, na kama nyumbani yupo aliyewahi kuugua kifua kikuu, yaani TB. Ukiombwa makohozi, toa makohozi, siyo mate. Wengi wetu tunaona aibu, tunatema mate tu, halafu majibu yakisema hakuna kitu tunafurahi!

Ikionekana ni TB, matibabu ni bure. TB ya kawaida ya mapafu hutibiwa kwa miezi sita: miwili ya mwanzo dawa nne, minne inayofuata dawa mbili. Mkojo ukiwa na rangi ya chungwa usiogope, ni dawa. Lakini macho yakiwa ya njano, au ukitapika sana, rudi kituoni siku hiyohiyo.

Sasa sikiliza hapa. Baada ya wiki chache kikohozi kinaisha, unanenepa, mpira unacheza. Vidonge vinakuchosha. Nakuelewa. Mimi nikiwa sekondari nilipewa dawa mseto ya malaria, vidonge 24 vya siku tatu. Homa ikashuka siku ya pili, nikafungia vilivyobaki kwenye tranka, eti akiba. Ujinga mtupu. Kwa TB ujinga huo ni ghali zaidi, kwa sababu vijidudu vingine hulala mwilini na kufa polepole. Ukiacha dawa njiani huamka, na vinaweza kuwa sugu. Mwaka 2009 Tanzania ilipoanza kutibu TB sugu katika hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, tiba yake ilizidi mwaka mmoja na nusu. Siku hizi muda umepungua, lakini bado si mchezo. Na utakayemkoholea anaweza kupata hiyohiyo sugu.

Nchi yetu inalijua jambo hili zamani. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na Dk. Karel Styblo alishiriki kuujenga. Utaratibu wa mgonjwa kumeza dawa mbele ya msimamizi ulienea duniani miaka ya 1990, na Tanzania ilikuwa mfano wake. Leo unaweza kumezea nyumbani, msimamizi ukamchagua mwenyewe. Usichague rafiki utakayemdanganya. Chagua shangazi mkali.

Kadi yako iweke kwenye mfuko wa nailoni. Mto Mkondoa ulipofurika Kilosa mwishoni mwa 2009, maelfu ya watu walihama makwao. Masika yakikaribia, chukua dawa kabla hazijaisha. Ukienda bweni, waambie kituoni mapema wakuandikie uhamisho.

Katikati ya tiba na mwishoni utaombwa makohozi tena. Utasema, "Mbona sikohoi?" Vuta pumzi ndefu, jikohoze kutoka kifuani, upeleke hicho kidogo utakachopata.