Paa Linalovuja Tangu Siku Lilipoezekwa



Somo letu safari hii ni la nyumbani kabisa. Masika yakianza, katika mtaa wetu ndoo na sufuria hupangwa sakafuni, nasi hulaumu mvua, au husema bati limezeeka. Lakini yako mapaa yaliyovuja mvua ya kwanza kabisa, mabati yakiwa bado yang'aa. Paa la namna hiyo halikuugua kwa uzee. Lilizaliwa na ugonjwa wake.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Nyumba yangu niliijenga kwa matofali mabichi nikiwa karibu kustaafu. Fundi aliyeniezekea ni jirani, tena mtu wa maneno mazuri. Mvua ya kwanza iliingia chumbani kwa watoto. Nilipomwita alitazama juu akasema, "Mzee wangu, mvua ya mwaka huu ina upepo mbaya." Nikakubali. Akapaka lami juu ya misumari, akaenda zake. Mwaka wa pili akapaka tena. Mwaka wa tatu ukuta wa chumba kile ukaanza kuvimba chini ya dirisha. Sharti tujue kwamba tofali bichi likilowa hupoteza nguvu zake, na ukuta huweza kuanguka usiku watu wamelala. Hapo ndipo nilipowahamisha watoto, nikapanda darini mwenyewe.

Kwanza tuone maji yenyewe ni kiasi gani. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 10 kwa mita 6 lina mita za mraba 60. Basi mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwa siku moja ya masika, humwaga juu yake lita 3,000, yaani mapipa 15 ya lita 200. Ikipenya sehemu 1 tu katika 100, ni lita 30, kama debe moja na nusu ndani ya nyumba.

Tena, doa la maji halionyeshi tundu lilipo. Maji yakiingia hufuata papi na kenchi yakishuka, pengine mita kadhaa, ndipo yadondoke. Kwa hiyo anayeziba juu ya doa mara nyingi huziba mahali pazima. Panda ndani ya dari mchana wa jua kali, ukae kidogo mpaka macho yazoee giza. Mwanga utakuonyesha matundu; yatie alama ya chaki kwenye mbao zilizo karibu. Usipoona kitu, mmoja abaki ndani na mwenzake amwage maji juu ya paa, akianzia chini ukingoni na kupanda kidogo kidogo. Akianzia kileleni maji yatatapakaa kote, wala hamtajua yalipoingilia. Atakayepanda akanyage juu ya mistari ya misumari, maana chini yake ndipo penye mbao. Na kama nyumba ni ya zamani yenye mabati ya asbesto, msiyatoboe wala kuyakata. Vumbi lake hudhuru mapafu.

(Walio katika nchi za baridi waangalie jambo moja. Bati likipoa usiku, unyevu wa hewa ya ndani hugeuka matone, na alfajiri hudondoka ingawa hakukunyesha. Hapo msimsumbue fundi bure. Dawa yake ni dari na matundu ya hewa.)

Basi nilikuta nini? Misumari mingi ilipigwa bondeni mwa bati, mahali maji yanapopita, badala ya mgongoni. Tena haikuwa na mpira chini ya kofia yake. Mbao zilikuwa zimeezekwa mbichi. Mbao mbichi ikikauka hunywea, na msumari ulioshikwa vema siku ya kwanza hulegea. Upepo ukipita bati huinuka na kushuka, tundu likapanuka. Kumbukeni pia kwamba bati la mita 3 likipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka karibu milimita moja na nusu, na jioni hurudi. Kwa hiyo saruji inayopakwa juu ya msumari hupasuka upesi, na ikiwa bado mbichi hula ile zinki inayolinda chuma. Lami nayo hukaushwa na jua mpaka ikapata nyufa. Ndiyo maana tulikuwa tukipaka kila mwaka.

Kisha malaliano. Bati la juu lililalia la chini sentimita 7 tu, na desturi ni 15 au zaidi. Ubavuni ulilaliana mgongo mmoja, na mdomo wake umeelekea kusini mashariki, ambako ndiko mvua ya masika hutujia ikisukumwa na kusi. Yafaa mgongo mmoja na nusu au miwili, na mdomo uupe upepo kisogo. Nilihesabu nikaona kwamba kwa kubana hivyo ziliokolewa bati mbili hivi. Sikuwahi kuziona.

Lakini kosa kubwa lilikuwa mwinuko. Paa lilikaribia kulala. Kwa mabati ya migongo yafaa nyuzi 15 au zaidi, yaani kupanda sentimita 27 kwa kila mita 1. Paa likilala, maji huenda polepole, na panapolaliana bati kwa bati hunyonywa kurudi juu kama mafuta yapandavyo utambi. Msumari wa bondeni waweza kung'olewa na tundu kuzibwa. Bati fupi laweza kubadilishwa. Mwinuko hauzibiki. Hapana budi kufumua na kuinua kenchi.

Nilimwendea yule jirani na mzee mmoja wa kanisa, si kwa kelele, nikamwomba apande nami. Alipoziona alama za chaki hakutaja upepo tena. Alisema, "Mzee, wakati ule sikuwa nimeezeka ila vibanda." Nami nilikuwa nimemchagua kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo. Tulipatana hivi: yeye atoe siku zake za kazi bila malipo, mimi ninunue mbao zilizokauka, misumari na bati za kuongeza. Niliuza ng'ombe mmoja. Fundi mwingine mwenye ujuzi alisimamia, naye alipewa ujira wake kwa mafungu, fungu la mwisho likingoja mvua kubwa ya kwanza. Yote tuliyaandika kwenye daftari, tukatia sahihi. Kenchi zilikaguliwa kabla bati moja halijapanda, maana bati likishapanda kosa hujificha.

Tulimaliza mwezi wa Septemba, kabla ya vuli. Watoto wamerudi chumbani kwao. Pembe ya jikoni bado hutoa tone moja moja upepo ukiwa mkali. Nimekwisha kuitia chaki, nangoja jua.