Kuweka Linux ndani ya tableti ya zamani ya koperative

Ndani ya makabati ya ofisi nyingi kunabaki tableti moja ao mbili za mradi uliokwisha zamani. Ekrani ni nzima, batri bado inashika, lakini inafunguka polepole mpaka sekretere anarudia daftari. Mara nyingi ugonjwa hauko ndani ya chuma, uko ndani ya Windows. Windows 8.1 iliachwa na watengenezaji tangu Januari 2023, Windows 10 ikafuata Oktoba 2025. Na ndani ya tableti hiyo njo munaandika kilo za kahawa za kila memba, zile zinazohesabiwa wakati wa risturne. Faili ikiharibika, mama aliyeleta kilo 340 atazionyesha na nini?

Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta sawa vile Windows, lakini haiuzwi, na mashine dhaifu inaivumilia. Sisi tunapendelea ile inaitwa Debian, pamoja na sura yake nyepesi Xfce. RAM ya giga 2 inatosha kwa LibreOffice, ambayo inafungua pia faili zenu za Excel.

Kwanza muangalie kama tableti yenu inafaa. Katika mipangilio ya Windows mutafute jina la prosesa: kama ni Intel Atom, mutaendelea. Kama tableti ni ya Android, muache. Hiyo ni njia ingine kabisa, na wengi wameua tableti nzima kwa kujaribu.

Kisha, mbele ya kugusa kitu kingine, mukopie vitabu vyote vya koperative kwenye kle USB. Kukopia peke yake hakutoshi: mufungue faili kwenye kompyuta ingine, mbele ya kesye na memba mmoja wa kamati ya uangalizi, mulinganishe jumla ya kilo na daftari. Kuweka Linux kunafuta kila kitu kilichokuwa ndani, na hakuna kurudi nyuma. Kle hiyo ifungiwe ndani ya sanduku. Isitumike tena kwa kazi inayofuata.

Sasa muchukue kle ya pili, ya giga 8. Pale mujini, penye intaneti nzuri, mupakue Debian ya aina ya «live» yenye Xfce. Ni zaidi ya giga 2, kwa hiyo musimalize forfe ya telefone kwa kazi hiyo. Mutaiandika kwenye kle kwa programu Rufus.

Hapa njo wengi wanakwama. Nyingi za tableti hizi zina prosesa ya biti 64, lakini ile programu ndogo inayoziamsha ni ya biti 32. Zinakataa kle bila kueleza sababu, na mutu anafikiri kle imekufa. Basi mufungue kle, muingie folda EFI, halafu boot: lazima muone faili bootia32.efi. Kama haiko, mutafute Debian ingine iliyo nayo.

Tableti nyingi ziko na tundu moja tu, la chaja na la USB pamoja. Kwa hiyo batri ijae mpaka 100%, kisha muunge kamba ya OTG na kigawanyo cha USB chenye klavie, panya na kle. Muwashe huku mukishikilia kitufe cha sauti. Kwa tableti zingine ni cha kuongeza, kwa zingine cha kupunguza. Menyu ikitokea, muzime Secure Boot, muchague kle.

Debian live inafunguka bila kufuta kitu. Mujaribu hapo wifi, kugusa ekrani, na kufungua faili ya kilo. Kamera na sauti mara nyingi zinagoma. Kwa kuhesabu kahawa, si neno. Lakini kama wifi inakataa na munaihitaji kila siku, muzime, mubaki na Windows kwa sasa, bila kuiunga na intaneti.

Yote ikienda vizuri, mubonyeze kusakinisha. Programu itauliza kama munataka kufunga diski kwa neno la siri. Ni kinga nzuri tableti ikiibiwa, lakini neno hilo linaombwa mbele ya klavie ya ekrani kufunguka, basi kila asubuhi mutahitaji klavie ya kamba. Hata bila hiyo, neno la siri la kuingia lijulikane na watu wawili, sekretere na kesye, na liandikwe ndani ya bahasha iliyofungwa kwenye sanduku. Mwishoni murudishe faili za kilo, mulinganishe jumla mara ya pili, kisha njo muanze kupima mzigo wa siku.