DARSA YA TWAHARA: BURASHI YA KUNYOLEA, YA NGURUWE NA YA BAJA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, tumeulizwa katika darsa yetu ya hapa Kinango suala ambalo baadhi ya waliohudhuria waliliona dogo hata wakacheka. Muulizaji ana mtoto wa kunyolewa siku ya saba, naye amesikia kwamba burashi ya kupakia sabuni aliyo nayo kinyozi ni ya nywele za nguruwe. Mwingine akamwambia anunue ya baja, kwani hiyo ni ghali na ndiyo safi. Je, ni kweli? Sisi hatukuliona dogo. Kutwaharika mwili na najisi ni sharti la swala, na hapa kinachopakwa ni kichwa na uso, tena kwa maji.

Kwanza yatupasa tuvijue vitu vyenyewe. Burashi za asili zilizo nyingi madukani ni za nguruwe. Nywele zake ni nene na ngumu, hutaka kulowekwa kabla ya kutumiwa, na kila zinapozidi kutumika ncha zake hupasuka zikalainika. Bei yake ni nafuu. Ama baja ni mnyama wa porini wa Ulaya na Asia, ambaye Waingereza humwandika badger. Ni wa ukoo mmoja na nyegere wetu, mla asali, lakini si yeye. Nywele zake ni laini, hushika maji mengi na kutoa povu upesi, na kwa hiyo huuzwa ghali. Nywele za wanyama wote wawili nyingi hutoka China. Basi kwa kazi ya kunyoa, baja ni bora, hilo hatulikatai. Lakini ulaini ni jambo moja na twahara ni jambo jingine, na hapo ndipo watu walipochanganya.

Nguruwe hana maneno mengi. Katika Sura ya Al-An'am, aya ya 145, Mwenyezi Mungu amemwita uchafu, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii nguruwe ni najisi nzito, yeye na nywele zake, awe wa kufugwa au huyu wa mwitu anayekula mihindi ya wakulima wetu.

Ama baja, wengi hudhani kwamba maadam si nguruwe, basi hapana neno. Sivyo. Katika madhehebu yetu nywele za mnyama aliyekufa bila ya kuchinjwa kisharia ni najisi kama mzoga wake, na baja wa biashara hachinjwi kisharia. Hata angechinjwa, mnyama asiyeliwa hatwahariki kwa kuchinjwa. Tofauti iliyopo ni ya daraja tu: najisi ya baja ni ya kawaida, huondoka kwa kuoshwa maji, na unywele mmoja au miwili husamehewa, ya nguruwe haina msamaha huo. Kwa hiyo aliyetoa fedha nyingi akanunua baja kwa kukimbia najisi, ametoka katika nzito akaingia katika nyepesi, na bado yumo ndani yake.

Hatupendi kumficha msomaji kwamba wanazuoni wamekhitalifiana. Imamu Abu Hanifa aliona nywele za mfu ni twahara, kwa kuwa hazina uhai wa kuondoka, akamtoa nguruwe peke yake. Na juu ya hivyo washona viatu waliruhusiwa kushonea nywele zake kwa dharura. Wafuasi wa Imamu Malik walikwenda mbali zaidi: hata za nguruwe ni twahara zikikatwa, na Ibn Taymiyya naye aliona nywele zote ni twahara. Miongoni mwa dalili zao ni aya ya 80 ya Sura An-Nahl, ambamo Mungu ametukumbusha neema ya sufi na manyoya. Hata katika Mashafii, Imamu Nawawi amepokea kwamba Abu Zayd al-Marwazi alikuwa akivaa khofu zilizoshonwa kwa nywele za nguruwe akaswali nazo sunna, wala haswali nazo faradhi. Alipoulizwa, akajibu kwamba jambo likidhiki hupanuka. Basi asitokee mtu akamwita kafiri au fasiki nduguye aliyeshika kauli ya imamu mwingine.

Lakini dhiki ile leo iko wapi? Tangu mwaka 1938, miswaki ya naylon ilipoanza kuuzwa Marekani, nyuzi za kiwandani zimeingia mahali pa nywele za nguruwe. (Kabla ya hapo miswaki mingi ya Ulaya ilikuwa ya nguruwe, wazee wetu walioshika mswaki wa mti hawakupungukiwa na kitu.) Burashi ya nyuzi za kiwandani ni twahara, hukauka upesi, na wala haishindwi kutoa povu. Na asiyekuwa nayo, kiganja cha mkono kinatosha.

Katika kununua, bei isikudanganye. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza baja alipoadimika, nywele za farasi zilitengenezwa zikafanana na zake, na burashi hizo ziliwaletea askari na raia ugonjwa wa kimeta, hata Uingereza mwaka 1920 ikakataza zile za kutoka Japani. Tazama maandishi ya mpini: neno "bristle" peke yake kwa kawaida ni nguruwe. Pasipo na maandishi, choma unywele mmoja: wa naylon huyeyuka ukawa kidonge, wa mnyama hunuka kama nywele iliyoungua.

Ama kinyozi, haifai kumvunjia riziki yake kwa uvumi. Yakini haiondolewi na shaka, na asili ya kitu ni twahara mpaka ijulikane vingine. Muulize kwa adabu, au nenda na burashi yako. Ile burashi kubwa ya kupangusa nywele shingoni, ikiwa kavu na shingo kavu, haihamishi najisi.

Aliyekwisha kupakwa ya nguruwe na ana yakini, aoshe mara saba, moja kwa mchanga safi. Ndiyo kauli mashuhuri yetu, ingawa Imamu Nawawi aliona dalili yatosheka na mara moja. Swala alizoswali bila kujua, kauli mpya ya Imamu Shafii ni azirudie. Ya kale, aliyoikhitari Nawawi katika Majmu', ni kwamba hazirudiwi.

Limebaki jambo ambalo halikuulizwa. Burashi za kupakia rangi nazo nyingi ni za nguruwe, na rangi hupakwa mbichi. Huko Malaysia mwaka 2017 wenye mamlaka walikamata zaidi ya burashi 2,000 za namna hiyo madukani. Kamati za misikiti, kuanzia Kinango hata Msambweni, na zimuulize fundi aonyeshe burashi yake kabla hajachovya katika ndoo.